Mtihani wa Simu, Bafuni Kwetu

Kifungua mimba wangu alifanya mitihani ya aljebra bafuni. Meza tulikuwa nayo, ila tulikuwa watu sita kwenye nyumba ya vyumba viwili hapa Jacksonville, Florida, na mlango pekee uliofungika kwa ndani ulikuwa wa bafu. Mwalimu alipiga saa moja jioni. Kijana akajifungia, akakaa ukingoni mwa beseni la kuogea, daftari magotini, simu sikioni, nasi tukapigwa marufuku kuvuta maji mpaka amalize. Mama yangu mzazi, bibi yake, akaweka kiti nje ya mlango akakaa kama mlinzi wa getini. Kiingereza hakijui hata cha kuombea maji. Alisikiliza sauti tu. Robo saa ilipopita akanigeukia: "Huyu leo anaongea."

Kweli alikuwa anaongea. Huyo ndiye mtoto ambaye walimu wa shule ya kawaida waliniandikia miaka miwili mfululizo kwamba ni mpole, ana adabu, hasumbui mtu. Maana yake hasemi.

Akina mama wenzangu, Wakongomani na hata Wakenya ninaofanya nao kazi, huniuliza kama shule ya mtandaoni ya serikali inafaa. Nashindwa kuwajibu ndiyo au hapana, kwa sababu nyumbani kwangu ilimwokoa mmoja na mwingine nusura imzamishe. Nitasimulia yote mawili.

Mimi mzaliwa wa Uvira. Tulifika hapa 2015 tukitokea kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, Kigoma. Kambini sisi Wakongomani tulikuwa na shule zetu zilizofuata mtaala wa Kongo, na darasani kilitawala Kifaransa. Kwa hiyo kijana alikuja Marekani akiwa na miaka 12, Kiswahili cha nyumbani, Kifaransa cha ubaoni, na Kiingereza cha salamu. Huku hawamwangalii mtoto amefika wapi kwenye masomo, wanaangalia umri. Akawekwa na wa rika lake, na 2017 akaingia darasa la tisa, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari.

Mwaka ule ulianza vibaya kwa kila mtu. Tarehe 11 Septemba kimbunga Irma kiliusukuma Mto St. Johns mpaka ukaingia katikati ya mji, shule zikafungwa, na ziliporudi walimu wakawa wanakimbizana na ratiba. Mwanangu alibaki nyuma tangu hapo. Mwisho wa mwaka aljebra ilikuwa F. Na aljebra ya kwanza hapa Florida si somo la kuruka: kuna mtihani wake wa jimbo unaobeba asilimia 30 ya alama ya kozi, na asiyetimiza sharti hilo la mtihani hapati diploma ya sekondari hata kama masomo mengine yote ameyamaliza.

Mshauri wa wanafunzi akaniita. Mkalimani wa kwenye simu akanitafsiria: kuna shule ya serikali ya mtandaoni, mtoto atairudia aljebra huko, masomo mengine aendelee nayo hapahapa shuleni, na hutalipa kitu. Niliposikia "hutalipa kitu" nikashtuka. Aliyekaa kambini anajua kwamba cha bure kina foleni, kina kadi, na siku kadi ikipotea hakipo tena. Nikauliza mara mbili: nani analipa?

Jibu nililipata baadaye kidogo, nalo ndilo lililonituliza. Hiyo Florida Virtual School ilianzishwa 1997 kama mradi wa kaunti mbili, Orange na Alachua, kisha bunge la jimbo likaifanya chombo cha kujitegemea ndani ya elimu ya umma. Shule ya kawaida hupata fungu lake kwa kuhesabu vichwa vilivyokaa darasani. Hii, kwa kozi zake za mojamoja, fungu lake lilifungwa kwenye kumaliza: mtoto akimaliza kozi na kufaulu, ndipo hela inatoka. Nikasema basi huyu mwalimu naye ana haja na mwanangu kumaliza. Tutaelewana.

Nikagundua pia kwamba hatukuwa watu wa ajabu. Wakati ule sheria ya jimbo ilimtaka kila mwanafunzi wa sekondari amalize walau kozi moja kwa njia ya mtandao kabla ya kupewa diploma. Mimi nilikuwa nadhani ni adhabu ya walioshindwa.

Kujiandikisha kulikuwa na kosa moja, na kosa ni langu. Inahitajika akaunti ya mwanafunzi, na ya mzazi kando, ili mzazi aone alama na apokee barua za mwalimu. Mimi narudi kutoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, macho mazito, kijana ananiambia, "Mama, nipe simu nikutengenezee." Nikampa. Akatengeneza vizuri sana, na kwenye sehemu ya barua pepe ya mzazi akaweka yake ya pili. Wiki sita nzima nikawa najisifu kazini kwamba mwanangu anasoma mtandaoni, kumbe mwalimu ananiandikia kwamba amelala kwenye ratiba, na barua anazisoma mhusika mwenyewe.

Ukweli ulitoka kwenye simu ya mwezi. Walimu wa shule ile hupiga simu kwa mzazi kila mwezi. Mwezi wa kwanza nilimweka kijana atafsiri. Mwalimu akasema maneno marefu, marefu, mwanangu akanigeukia: "Anasema naendelea vizuri." Mtu mzima angejiuliza mbona maneno yote yale yamekuwa matatu, lakini nilikuwa na usingizi. Mwezi wa pili simu ilinikuta kwenye chumba cha mapumziko kazini, nikamwomba dada Mkenya tunayefanya naye zamu anisikilizie. Akasikiliza, akafunika simu kwa kiganja: "Mama, huyu mtoto hajafungua somo siku 19."

Sikumpiga. Nilikaa naye kitandani nikamwambia kuanzia leo wewe si mkalimani wangu tena kwenye mambo yanayokuhusu wewe. Niseme pia kwamba mzazi ana haki ya kuomba mkalimani kwa shule yoyote ya umma Marekani, ni sheria ya haki za raia, si hisani. Mimi nilikuwa naona aibu kuomba. Niliomba siku ile, na mwezi uliofuata mwalimu alipiga akiwa na mkalimani wa Kiswahili kwenye laini.

Basi tukaanza upya. Ile kozi imegawanywa nusu mbili, kila moja nusu krediti (hesabu ya masomo ya kupatia diploma), na kila nusu ina moduli zake. Hakuna kengele. Hapo ndipo wengi tunapodanganyika: tunasikia "soma kwa kasi yako" tunafikiri ni raha. Mtoto wa miaka 15 hana kasi yake, ana simu yake. Tulichapisha ratiba maktabani, tukaibandika kwenye friji, na nikaweka sheria moja: masomo ni saa kumi na moja jioni hadi saa moja, kabla sijaondoka kwenda kazini, mbele yangu. Intaneti tulichukua ule mpango wa Comcast wa familia za kipato kidogo, dola 9.95 kwa mwezi. Kompyuta tuliinunua ya mkono wa pili, ikawa inapata moto hadi tunaiwekea feni.

Sasa huo mtihani wa simu. Kila unapomaliza moduli unatakiwa kuongea na mwalimu kwa sauti. Unampigia au anakupigia, na mnazungumza ulichojifunza. Shabaha yao ni kuhakikisha kazi ni yako, kwamba si kaka yako wala mtandao uliokufanyia. Mwanangu alipoambiwa hivyo alitaka kuacha kozi siku hiyohiyo. Kuongea Kiingereza na mzungu kwa simu, bila hata kumwona midomo! Mara ya kwanza alisogeza miadi mara tatu. Mara ya nne mwalimu mwenyewe akapiga.

Mwalimu hakumuuliza jibu ni ngapi. Alimuuliza amelipataje. Kwenye shule ya kawaida mwanangu alikuwa amejifunza njia ya kujificha: kuandika jibu, kuinamisha kichwa, kengele ikilia anatoka. Kwenye simu hakuna kuinamisha kichwa. Ukinyamaza, kimya kinasikika. Mwalimu alikisubiri kile kimya, hakukijaza kwa maneno yake, na baada ya muda kijana akaanza kujikongoja.

Jioni ya simu ya tatu au ya nne walifika kwenye grafu. Mwalimu akamwomba asome kwa sauti nukta iliyoandikwa (2,5). Kijana akasoma: mbili na nusu. Mwalimu akamwomba arudie. Akarudia: mbili na nusu. Kwenye Kifaransa alichofundishwa, mkato ndio alama ya desimali. 2,5 ni mbili na nusu, hakuna mjadala. Huku desimali ni nukta, na mkato ndani ya mabano unatenganisha namba mbili: nenda mbili kulia, panda tano juu. Miaka yote ile, dukani alikuwa anasoma bei vizuri kabisa, lakini kwenye grafu alikuwa anaona namba moja mahali palipo na mbili, halafu anakisia. Alikuwa amekaa madarasani na walimu wazuri tu, na hakuna aliyeliona, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisoma swali kwa sauti.

Alitoka bafuni anacheka peke yake. Akanieleza kwa Kiswahili, akichora kwenye bahasha ya bili ya umeme. Mimi niliishia darasa la sita, lakini siku ile nilielewa grafu.

Mtihani wa jimbo wenyewe haufanyiki nyumbani. Hilo wengi hawalijui: shule ni ya mtandaoni, lakini mtihani wa jimbo unakwenda kukaa kwenye chumba, na msimamizi mbele yako. Alikwenda masika ya 2019, akapita. Si kwa alama za kutangaza kanisani, lakini alipita, na 2021 akavaa joho.

Kwa sababu ya hayo nikawa mhubiri wa shule ya mtandaoni. Na mhubiri asiyemaliza kusoma ni hatari.

Dada mmoja tunayesali naye alinisikia, akaenda kumtoa mwanawe shuleni. Alitaka "ile ya mtoto wako". Akaelekezwa na mtu, akatia saini karatasi. Karatasi ile ilikuwa barua ya nia ya kumsomesha mtoto nyumbani, inayokwenda kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Kwa Florida hilo ni jambo tofauti kabisa. Ukishaitoa, wewe mzazi ndiye shule: unachagua cha kufundisha, unatunza jalada la kazi za mtoto, kila mwaka unapeleka tathmini, na diploma ya shule ya umma haipo. Karibu miezi mitatu yeye alikuwa anasubiri shule impigie simu, na shule haikuwepo. Mtoto alikuwa anaangalia video. Ilibidi aandike barua nyingine ya kusitisha, kisha amwandikishe upya, na mimi nilikwenda naye ofisini nikiwa nimeinamisha uso.

Tangu hapo, mtu akiniambia "nataka mtandaoni" namuuliza: mlango upi? Upo huo wa kusomesha nyumbani. Upo wa kozi moja moja, unaoitwa Flex, ambao aliupita mwanangu; unaanza wakati wowote wa mwaka, mtoto anabaki wa shule yake, au anaweza kuwa wa shule binafsi au wa kusomeshwa nyumbani, lakini huo hautoi diploma. Upo wa shule ya muda wote: mtoto anahama kabisa, ana kalenda kama ya shule nyingine za umma, ana vipindi vya moja kwa moja, na akifika mwisho diploma inatoka huko. Na kila kaunti inatakiwa na sheria iwe na njia yake ya mtandaoni, ambayo mara nyingi inatumia masomo yaleyale lakini ofisi iko hapahapa mjini, unaweza kwenda kugonga meza. Majina yanafanana na tovuti zinafanana. Karatasi ndizo hazifanani.

Na mimi niliyekuwa nafundisha wenzangu milango nikaingia wa muda wote bila kupima kizingiti.

Ilikuwa Agosti 2020. Jimbo liliamuru shule zilizofungwa kwa sababu ya korona zifunguliwe, wazazi tukapewa kuchagua. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi tulikuwa tumeshazika. Nikaona afadhali binti yangu, aliyekuwa anaingia darasa la nne, abaki ndani. Nikamwandikisha shule ya umma ya mtandaoni ya muda wote. Kaka yake alifanikiwa, huyu mwepesi kuliko kaka yake, atashindwaje?

Mtoto wa sekondari anasoma na mwalimu. Mtoto wa msingi anasoma na mtu mzima aliyekaa pembeni yake. Kwenye fomu kuna nafasi ya jina la mtu huyo, msimamizi wa masomo nyumbani, nikaandika langu. Saa zangu za kazi zilikuwa saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Vipindi vya binti vilianza nikiwa ndiyo kwanza natafuta mto. Bibi ndiye aliyekuwa macho, na bibi alikuwa anahakikisha mtoto amekula, amevaa sweta, na amekaa mbele ya kompyuta. Aliona anabonyeza, akaridhika.

Alikuwa anabonyeza kweli. Aligundua kwamba maswali mengine ukikosa unaruhusiwa kurudia, basi anabonyeza la kwanza, la pili, la tatu, mpaka kijani kitokee. Kusoma hakusomi. Mwalimu alimshtukia Novemba alipomwomba asome aya moja kwa sauti. Barua pepe safari hii ilikuwa yangu mwenyewe. Nilikuwa sizifungui.

Lakini lililoniumiza zaidi ni lugha. Jimbo hili, tangu makubaliano ya mahakama ya 1990, linawajibika kumpa mtoto anayejifunza Kiingereza msaada wa lugha, na msaada ule alikuwa nao, mara kadhaa kwa wiki, kwenye skrini. Alichokosa ni foleni ya chakula, basi la shule, ugomvi wa kamba ya kuruka. Kiingereza cha watoto kinapatikana huko. Kufikia Krismasi alikuwa anaanza sentensi kwa Kiingereza na kuimalizia kwa Kiswahili. Mama yangu alifurahi mno. Kiswahili cha mtoto kilinyooka, akawa anatoa hadi vitendawili. Mimi nilikuwa nalia chooni kazini.

Januari nilimrudisha shule ya mtaani, na barakoa yake. Wiki ya kwanza alirudi na jina la rafiki. Simlaumu mwalimu wa mtandaoni hata kidogo. Alipiga simu zaidi ya nilizopokea. Nilichukua nafasi ya mtu mzima aliyekaa pembeni, na sikuwepo pembeni. Mwenzangu kazini, mumewe dereva wa lori aliyekaa nyumbani na mgongo, watoto wao wa msingi walisoma muda wote mtandaoni mwaka ule na wakang'ara, mmoja akawa anakwenda jioni kucheza mpira na timu ya shule ya eneo lao, maana sheria inaruhusu. Wao walikuwa na mtu mchana.

Sasa binti yuko sekondari. Mwaka huu yeye mwenyewe amekuja na wazo: vyuo vikuu vya jimbo vinataka miaka miwili ya lugha moja ya kigeni, ratiba ya shule yake imejaa, anataka kuchukua Kihispania kwa Flex. Kwanza alitafuta Kiswahili kwenye orodha ya kozi ili apate alama za bure. Hakukiona, akanuna siku nzima. Nikamwambia sawa, lakini barua pepe ya mzazi naandika mimi, na simu ya mwezi napokea mimi. Akasema, "Najua, Mama. Kaka alinisimulia."

Tulishahama. Nyumba ina vyumba vitatu, na binti ana mlango wake unaofungika. Wiki iliyopita mwalimu alipopiga, alikipita chumba chake akaenda kujifungia bafuni. Anasema huko sauti yake inatoka vizuri. Bibi alivuta kiti chake, akakaa nje ya mlango, akatega sikio muda mrefu.

"Hiki anachoongea," akasema, "si kile cha kaka yake."